Dripu Kwenye Msumari wa Pazia

"Dripu ni dripu tu, shemeji, haijui imetundikwa wapi." Mpendwa mshauri, hayo ni maneno ya kaka wa mume wangu, mwenye duka la dawa, na naomba unisaidie kuyajibu kwa sababu nusura yanizike. Mimi ni fundi cherehani, viungo vya vidole vilivimba hadi mkasi ukanishinda, daktari akaniandikia dawa ya kutiwa kwa dripu kila baada ya wiki kadhaa, akasisitiza dozi za mwanzo nitiwe hospitali, na ya kwanza nilitiwa huko, saa mbili na zaidi, nesi akija kunipima presha kila mara, nikarudi salama. Ya pili shemeji akasema foleni ya nini na yeye yupo, dawa akaiagiza mwenyewe, nikalazwa kwenye benchi nyuma ya duka katikati ya maboksi ya pamba, chupa ikaning'inia kwenye msumari wa pazia, na alipoona muda unakwenda akayafungulia matone yakimbie ili amalize kabla wateja wa mchana hawajajaa. Koo likaanza kubana, midomo ikavimba, nikamwita, akajibu kutoka kaunta, "Vumilia kidogo, shemeji, nahudumia mteja." Nilifunga dripu mwenyewe kwa vidole hivi vibovu. Uvimbe ulishuka jioni, na hospitali sijawaambia kitu. Alhamisi ni dozi ya tatu, chupa imo kwenye friji ya duka pamoja na soda. Mama mkwe anasema nikienda hospitali nitakuwa nimemwita mwanawe mwenye duka mchinjaji; naye mume wangu, ambaye husoma ukurasa wako kila wiki, anasema nisimwaibishe kaka yake, udugu ni kufaana. Nifanye nini nisivunje nyumba?

Fundi, unahofia nyumba kuvunjika wakati kilichotaka kukatika ni pumzi yako. Pole sana. Lakini nimekukasirikia pia: koo limekuziba, ukarudi kwako ukalificha jambo hilo kama mtoto aliyevunja kikombe, na daktari wako mpaka leo hajui.

Ni kweli, dripu haijui imetundikwa wapi. Ndiyo maana anahitajika mtu anayejua. Mwili ukiikataa dawa haungoji mteja afungiwe vidonge vyake.

Na asije mtu akasema nazichukia dripu za nyumbani. Jirani yangu hutiwa yake sebuleni, kwenye kiti chake, akisikiliza redio na kubishana na mtangazaji. Aliyeamua hivyo ni daktari wake, baada ya dozi kadhaa kupita hospitalini bila shida, na anayemjia ni nesi aliyefunzwa kazi hiyo, mwenye dawa za dharura mkobani, asiyeondoka mpaka amalize. Wengine zahanati inawatosha. Mahali pa dripu huchaguliwa kwa kuangalia dawa yenyewe na mwili unaoipokea. Heshima ya ukoo haimo kwenye kipimo hicho, na mwili wako umeshasema neno lake.

Kwa hiyo nenda kwa daktari leo, usingoje Alhamisi. Mweleze yote: koo, midomo, matone yaliyokimbizwa, hata ile friji ya soda. Dozi ya tatu usiiguse mpaka aseme yeye kama utaipata, na wapi. Koo likibana tena, kimbilia hospitali moja kwa moja. Na popote utakapolazwa, kabla hujanyoosha mkono uliza ni nani atakaa nawe, na mwili ukigoma ana nini cha kukuokolea. Akicheka, shuka kitandani uondoke. Mama mkwe akinuna, mwache anune.

Sasa wewe mume, unayesoma hapa kila wiki. Umesema udugu ni kufaana. Mkeo alipokuwa akivimba midomo, nani alimfaa? Mpeleke kwa daktari leo, ingia naye ndani, na yaliyotokea dukani kwa kaka yako uyaseme kwa mdomo wako mwenyewe. Na wewe mwenye duka, uza vidonge vyako. Msumari ule ung'oe.