Faili Limegomea Asilimia Tisini na Saba

Shikamoo Bi Misbah, naomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa, mie naishi Temeke na shida yangu watu wanaiona ya kijinga ila inaninyima usingizi. Mama yetu alikuwa msomaji wa kasida, akialikwa kila maulidi, na kabla kiharusi hakijamnyang'anya sauti, kaka yangu Muhdhar alimrekodi video ndefu sebuleni kwake yeye kaka, Kigamboni, akataka kuturushia ndugu wote, WhatsApp ikagoma kwa ukubwa, akaibana ikaja sauti kama ya mtu aliye ndani ya ndoo, hifadhi ya bure ya mtandaoni nayo ikajaa, ndipo akatuwekea torenti, akaniambia, "Sista, hii haina ghala, faili linatoka kwangu moja kwa moja, mie nikiwasha kompyuta nyie mnavuta." Nikavuta kwa bando la kuungaunga, likafika asilimia tisini na saba, kaka akaanguka bafuni akafa. Tangu tumzike halijasogea, na ndugu wengine nao wamekwama hapo hapo, nimebadilisha programu, fundi wa Tandale kaniwekea nyingine anayosema ina kasi kuliko zote, wapi. Video inafunguka, mama anasoma vizuri, ikifika dua ya mwisho anapotuombea wanawe kwa majina, inaganda. Kompyuta anayo mke wa marehemu, nimemtumia meseji, "Washa kompyuta", kaisoma kanyamaza, nikamtumia tena, kimya, na nasikia eda ikiisha anampa kakake wa Vingunguti ambaye ataifuta aweke magemu. Mama kila jioni ananionyeshea simu kwa ule mkono mzima, anataka aisikie. Niambie, programu ipi ni bora, au niende na mjumbe wa mtaa nikaichukue kompyuta?

Dada wa Marehemu, Temeke

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa mama, nimeumia kusoma habari zake. Sasa kaa nikuseme.

Hizo programu unazibadilisha bure. Kakako alikueleza kwa Kiswahili chepesi kwamba faili linatoka kwa aliyewasha, na aliyekuwa akiwasha mmemzika. Hata fundi akuletee programu ya ajabu kiasi gani, itavuta kutoka wapi?

Barua yako nimeirudia nikitafuta neno moja, sikuliona. Huyo unayemwita "mke wa marehemu" ni wifi yako. Mumewe kamfia bafuni, yuko ndani ya eda, na salamu anayoipata kutoka kwenu ni "Washa kompyuta". Hukumwuliza hata kama amekula. Mie pia ningenyamaza. Na mjumbe wa nini, umkamate mjane?

Pika, mchukue mama, vukeni Kigamboni. Flashi ibaki ndani ya mkoba. Kaeni naye, lieni, msiitaje kompyuta mpaka aitaje yeye. Akiwasha, achana na torenti. Nakili kwenye flashi mbili, moja mwachie, kisha pandisha faili zima Telegram, linabebeka bila kubanwa, na ndugu wengine walipate. Kitu cha thamani hivyo hakitakiwi kukaa nyumba moja.

Sikufichi, huenda isiwake kabisa, au akakataa. Jiandae kwa hilo. Lakini fikiri kidogo: mama alirekodiwa sebuleni kwa nani? Kakako hayupo, mama hawezi kusema. Huenda aliyebaki duniani aliyeisikia dua ile mpaka mwisho, na bado ana sauti ya kukusimulia, ni huyo huyo unayetaka kumpelekea mjumbe.

Ukifika mlangoni, mwite wifi.