Senje, Jina Lako Limerudi Chini ya Picha

Senje,

Nimemlipa Baba Mdogo. Naanza na hilo, shangazi yangu, kwa sababu ungekuwepo ungeniuliza kwanza kama nimekula, halafu maharagwe yameotaje, na hasira yangu ingepoa kabla sijaisema. Sitaki ipoe.

Hukuona yaliyotokea siku ya tatu baada ya kukuzika, siku ya kunyolewa. Ukoo wote ulikaa uani kwako. Mzee wa ukoo akasema kama inavyosemwa siku zote: mwenye kitu chake kwa marehemu aseme leo, na atakayenyamaza leo asifungue mdomo kesho. Baba Mdogo, kitinda mimba wenu, akasimama. Akasema kamera ni yake, alikuazima tu. Akasema hata picha za ndege alizipiga yeye, wewe ulikuwa ukimshikia mkoba. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, wembe uko utosini, na mama aliyekuwa akininyoa akaninong'oneza, "Tulia, utajikata." Nikatulia. Nilipoinua kichwa, mzee alikuwa ameshafunga kwa maombi.

Nilinyamaza, Senje. Kwa desturi yetu, mdomo wangu ulifungwa siku ile.

Baba Mdogo akahamia nyumbani kwako. Mwezi haukuisha nikaiona picha yako ya ndege chozi ukutani katika nyumba ya wageni kule karibu na msitu: yule ndege mdogo wa kijani, mdomo umepinda, ananyonya ua la mshubiri. Chini yake kuna jina la Baba Mdogo kwa wino mwekundu. Wageni walikuwa wakimpa mkono, naye anaupokea.

Nilikuwepo ulipoipiga. Ulitandika gunia ukalala kifudifudi kati ya maharagwe, na jirani aliyekuwa akipita akacheka: "Mwalimu, leo umeangushwa na nini?" Hukumjibu, ulikuwa umeshika pumzi. Mimi wakati huo bado nilikuwa napiga nimesimama, na picha zangu zikirudi unazitazama unatikisa kichwa: "Umemwangalia huyu ndege kama polisi anavyomwangalia mlevi. Shuka mpaka mtazamane." Tena: "Anza na kilicho nyuma yake. Ndege mwenyewe baadaye." Asubuhi ile ulihamisha gunia mara tatu, mpaka mlango wa jikoni ukakaa nyuma ya ua, mweusi kwa masizi, na manyoya ya chozi yakawaka. Ukaniagiza nianue nguo zote. Mimi nilipenda kumweka ndege katikati kabisa, kama mtu wa picha ya kitambulisho. Ukanisogeza mkono kidogo. "Mwachie nafasi mbele ya mdomo. Ana mahali anakwenda."

Basi mwaka ulipokaribia kutimia, na ibada ya kukukumbuka ikapangwa, nilimwendea kwa sauti ya asali. "Baba Mdogo, wewe ndiwe fundi. Tupigie chozi mwingine, pale pale penye mshubiri, tutundike siku ya ibada." Filamu nilinunua mimi.

Alitoka nje saa sita, jua la utosi, amevaa koti. Akasimama mlangoni pa jikoni penye kivuli, wima, hakukunja hata goti. Nyuma ya mshubiri suruali zake tatu zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba. Niliziona, nikaziacha. Akapiga mpaka filamu ikaisha, na kila kamera ilipolia niliona utamu mdomoni. Nilijiuliza kama huo ni uovu. Nikajijibu kwamba ni uovu, nikaendelea kumshikia mkoba.

Nikapanda boda ya baiskeli hadi mjini kuosha filamu. Sikuchagua picha. Siku ya ibada, mahubiri yalipokwisha, nilitundika shuka uani nikazibandika zote thelathini na sita, na yako, niliyoiazima kule nyumba ya wageni, katikati. Juu ya shuka niliandika: "Picha za Baba Mdogo." Kama alivyosema mwenyewe mbele ya ukoo. Sikuongeza neno.

Watu wakaja na vikombe vyao vya chai. Kukhu Rosa, yule bibi jirani yako, akasogeza uso mpaka pua ikagusa shuka. "Sasa hii ndege iko wapi?" Akaonyeshwa kidoa. "Hiyo? Mimi naona suruali tu. Wewe kijana, ulikuwa unapiga picha ya ndege ama ya kufua?"

Walicheka hadi chai ikamwagika. Msimamizi wa nyumba ya wageni alikuwepo, naye akacheka. Mzee wa ukoo hakucheka. Aliitazama yako kwa muda mrefu, akamgeukia Baba Mdogo: "Hii nayo ulisimama wapi?"

"Pale pale, mlangoni pa jikoni, kama hizi zingine."

Mzee akaenda polepole mpaka mlangoni pa jikoni. Akasimama, akautazama mshubiri. Akarudi, akaweka kidole juu ya picha yako, pale nyuma ya ua. "Mlango ni huu hapa, ndani ya picha. Wewe ulisimamaje mlangoni, na mlango uko mbele yako?"

Akanyosha mkono: "Rudisha kitu cha marehemu."

Kamera ninayo. Kule nyumba ya wageni nililiandika jina lako kwa mkono wangu, na sokoni Khayega Baba Mdogo sasa anaitwa Suruali. Juzi alikuja, hakuketi. "Waambie watu waache. Watoto wangu wanasikia." Nikamwambia, "Mimi? Mimi nilinyamaza."

Najua wewe ungemmiminia chai. Binti yake mdogo akiniona barabarani anavuka upande wa pili, na hilo linauma, siwezi kukuficha. Lakini nikimkumbuka baba yake akipokea ile mikono ya wageni, maumivu yanaisha na kinachobaki nakipenda.

Kwaheri, Senje. Kusamehe ilikuwa kazi yako, na umeondoka nayo. Mimi nakuahidi kazi ninayoiweza: nitalala kwenye umande kila asubuhi mpaka nipige picha ambayo ungeitazama bila kutikisa kichwa, na maadamu nina macho, hakuna mtu atakayeweka jina lake chini ya ndege wako akalala usingizi.

Wako,
yule uliyemfundisha kushuka.