Simu Niliyoifundisha Kulala

6 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko? Unakula, au bado unakunywa chai tu mbele ya kompyuta? Mimi mwili hauna neno, ukiacha magoti. Moyo ndio unaouma.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ile simu uliyoniletea nimeifungia kabatini. Usikasirike. Ni simu nzuri, inalala isipotumika na chaji inakaa wiki, na nimetamba nayo mtaa mzima: "Mwanangu ndiye aliyeifundisha kulala!" Lakini sasa siwezi kuitazama.

Kwenye mazishi ya mama yako mdogo hukuwapo, kwa hiyo hujui yote. Siku aliyozidiwa alinipigia mchana, si mara moja. Simu ilikuwa kando ya mkono wangu. Nilikuwa nashona sare za shule, nakimbizana na wateja, cherehani inanguruma, sikusikia. Alikuwa peke yake ndani. Binti yake, huyo mliyemwita Pilipili tangu utotoni, alirudi kutoka kazini akamkuta sakafuni, simu mkononi. Daktari alisema angewahishwa angepona.

Pilipili alifungua simu ya mama yake akaona jina langu, na chini yake jina langu tena. Akaniuliza msibani mbele ya watu, "Ulikuwa unashughulika na nini?" Nikamjibu, "Nilikuwa nashona, mwanangu." Tangu siku hiyo hajazungumza nami.

Cherehani nimeifunika shuka. Wateja nimewarudishia vitambaa vyao. Nikikaa pale mguu unakataa kukanyaga.

Mama yako

21 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Pole, na pole tena. Mimi ni mzima wa mwili. Kutokuja kwenye mazishi kunaniuma. Nilisema kazi imenibana, na ilikuwa kweli, lakini watu wenye kazi huzika.

Nina swali, mama. Naomba unijibu kama shahidi. Ulipoishika simu baadaye, kioo kilionyesha kwamba umepigiwa? Na ilikuwa imewekwa wapi hasa?

Usimweleze mtu kwanza. Nina sababu ya kuuliza, ila sitaisema kabla sijawa na hakika.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Nimepata barua yako, nashukuru u mzima. Mimi nipo, naamka na kulala.

Haikuonyesha kitu. Ilikuwa nyeusi, nikabonyeza, ikakawia kidogo kisha ikawaka. Nikadhani nimefuta mwenyewe bila kujua, si unavijua vidole vyangu. Ilikuwa pale pale inapokaa siku zote, juu ya meza ya cherehani, nipate kuiona. Meza ikitetemeka, nayo inatetemeka.

Kwa nini unauliza? Unanitisha. Fundi viatu jirani, niliyeshindwa kumficha, ananicheka, anasema, "Wenzako wanaletewa faraja, wewe umeletewa mpelelezi." Nilikutetea, ila si kwa nguvu sana.

Mama yako

19 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepoa. Mimi sina uzima wa kukueleza. Kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Hukukosa kusikia, mama. Simu haikulia.

Unajua kazi yangu ni kulaza simu ili chaji isiishe. Sasa simu ikilala, ndani yake lazima abaki mlinzi mmoja macho, wa kuiamsha mtu akipiga. Programu niliyoandika ilifunga mlango kwanza, ndipo ikamweka mlinzi. Katikati hapo kuna mwanya, mfupi kuliko kupepesa jicho. Anayepiga akiangukia kwenye mwanya huo, hakuna wa kumsikia, na simu inabaki imelala fofofo, hata ikitikiswa, mpaka mtu aibonyeze. Ndiyo maana mama mdogo alipiga na kupiga, na wewe hukuona kitu.

Ofisini niliijaribu kwenye meza iliyotulia. Ililala, ikaamka, haikunikosea hata mara moja. Baada ya barua yako nilikwenda kwa fundi cherehani wa mtaa huu, nikaweka simu ya namna ile ile juu ya meza yake, nikamwomba ashone. Meza ikitetemeka, simu inadhani imeinuliwa, inaamka, inalala tena, inaamka tena, haipumziki. Kila inapolala mwanya unafunguka. Nilikaa napiga, inalia, napiga, inalia, mpaka ikanyamaza. Yule fundi aliniuliza, "Kijana, mbona machozi? Si simu tu imeharibika?" Nikamlipa muda wake, nikaondoka.

Kuirekebisha ilikuwa kazi ya kubadilisha mistari miwili, mlinzi kwanza kisha mlango. Ndicho kinachoniua, mama. Mistari miwili.

Na kuna baya zaidi. Ile ilikuwa simu ya majaribio. Mkubwa wangu alikataza isitoke ofisini kabla haijapimwa vizuri. Niliitoa kwa sababu nilitaka utambe nayo. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nimelichuma huku, mmelila ninyi. Mkubwa nimeshamweleza, na simu nyingine zimezuiwa zisiuzwe.

Basi masikio yako hayana kosa, na kushona kwako hakuna kosa. Ifunue cherehani. Humu ndani nimeweka barua ya Pilipili, nimemweleza kila kitu. Tafadhali mpelekee.

Mwanao

30 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sasa nina nguvu kidogo, ndiyo maana najibu. Najua umesubiri. Nilitaka usubiri.

Sikukuamini. Nilidhani umetunga ili kunifariji, maana wewe tangu mdogo ulikuwa mwepesi wa kujitwika makosa ya wenzako. Nikaitoa simu kabatini, nikaitia chaji, nikaiweka mezani, nikafunua cherehani. Nikamwambia fundi viatu akae kibarazani kwake anipigie asichoke. Nilishona kitambaa kibovu, mshono usio na mwisho. Ililia, ikalia, kisha nikamsikia anapiga kelele nje, "Mama, mbona hupokei? Huku inaita!" Nikaitazama. Nyeusi, kando ya mkono wangu.

Nililia. Kisha nikala nikashiba. Nilipata nafuu, mwanangu, halafu nikaona haya, maana nafuu yangu ni mzigo wako. Halafu hasira. Wiki nzima nilikuwa sikutaji katika sala zangu. Nimerudi kukutaja.

Cherehani inafanya kazi, wateja wameanza kurudi.

Kwa Pilipili nimekwenda. Barua yako ilikuwa kwenye pochi, na mkono ukaingia humo ukatoka mtupu. Nilimwambia, "Simu yangu haikulia siku ile. Kwa nini haikulia, kaka yako anajua." Akanikazia macho. "Anajua, na amenyamaza?" Nikasema, "Hajanyamaza. Bado hajafika." Akanisogezea kiti. Aliponisindikiza alinishika mkono.

Mimi nimekusamehe. Lakini msamaha wangu haumtoshi mtu aliyemkuta mama yake sakafuni. Nimekubebea mengi tangu tumboni, hili siwezi kukubebea. Barua yake nakurudishia humu, sijaifungua. Mambo hayo hayatumwi kwa karatasi. Utayasema kwa kinywa chako, umemtazama, na akikufukuza utakaa mlangoni.

Usipige simu kwanza. Wewe njoo tu. Chumba chako nimeshakifagia.

Mama yako