Vidole vya Baba Njeri

Jumatano, Kiamunyi

Bado siamini. Mume wangu amekuwa akilalamika kwamba nyuzi za gitaa lake zimebanana, kila wimbo kanisani anagusa mbili pamoja. Leo nimemchongea kipande kipya cha mfupa cha kushika nyuzi pale juu ya shingo, nikazipanulia nafasi kidogo.

Alipolijaribu nikaona damu. Ukingo wa mfupa, ambao sikuwa nimeupiga msasa, ulikuwa umemkata kidole. Yeye akaendelea kucheza tu.

"Baba Njeri, husikii uchungu?"

Akakiangalia. "Hivi vidole sivisikii tangu mvua ianze."

Kumbe shida haikuwa nafasi. Kesho tunaenda hospitali, atake asitake. Na kila asubuhi ndiye hupeleka watoto shule na pikipiki, akishika usukani kwa vidole hivyo hivyo.