Neno la Kukata Minazi

Mama Kadzo, mke wangu,

Habari za huko Matsangoni? Naamini umeamka salama, na lile goti lako limekubali kunyamaza msimu huu wa mvua. Mimi mzima, ila tumbo linazidi kutangulia na nywele zinazidi kubaki nyuma. Siku ukija kunipokea uwanja wa ndege, tafuta kitambi; mimi nitakuwa nyuma yake.

Barua hii anakuletea Bwana Salim wa Mambrui, tunayelala naye chumba kimoja hapa Dubai. Amepata likizo. Nimeona niandike, maana kwenye simu kila nikianza jambo la maana wewe hucheka, au mtandao hukatika. Na hili si la kucheka.

Unasubiri neno langu kuhusu minazi. Yule mnunuzi wa mbao amekwambia hawashi msumeno mpaka mwenye shamba akubali, na mwenye shamba, kwa mila zetu, ni mimi, ambaye sijapata kukwea hata mmoja. Marehemu baba aliniona nikitetemeka kwenye kidato cha tatu cha shina, akasema, "Kahindi, wewe utagema ukiwa chini." Leo napanda ghorofa ya arobaini kutwa, kwa lifti, na sinia ya chai mkononi. Laiti angeniona!

Nikwambie kweli, niliposikia ujumbe wako nilitaka kukataa. Minazi ile ndiyo iliyosomesha watoto wetu. Ndugu yako Charo akigema, wewe ukiuza huo mnazi, tembo letu, pale uani, karo ikilipwa, na mimi huku natuma vijisenti na kujiita mtafutaji. Nilikuwa nimeshaandaa maneno makali ya kukataa. Kisha binti yetu Kadzo akaniambia ulilala kituo cha polisi.

Mimi uliniambia ulikwenda matangani Mariakani! Tumeoana miaka yote hii, huu ndio uongo wako wa kwanza kuugundua, na umenidanganya ili mimi nipate usingizi. Kadzo asema askari walimwaga mitungi yote ya mnazi, na mmoja wao alionja kwanza, kuhakikisha kwamba ni haramu.

Si wakubwa hawa hawa wa serikali waliotuletea miche ya minazi bure, wakapigwa picha wakifukia mmoja na viatu vyao vya ngozi? Tupande, tusigeme. Wakati wa kura mnazi ni utamaduni wetu na kiwanda kiko njiani. Kura zikishahesabiwa, mnazi ni ulevi. Na kule ufuoni mgeni wa hoteli anakunywa mpaka anaogelea na nguo zake, na askari anamfungulia lango kwa saluti.

Sikiza yaliyonipata mimi. Majuzi mkubwa mmoja kutoka nyumbani alikutana na Wakenya wa hapa, katika ukumbi wa hoteli yetu. Mimi nilikuwa nahudumu mezani. Akatusifu weee: pesa tunazotuma ndizo zinazoinua nchi, sisi ni mashujaa wa uchumi. Ukafika wakati wa maswali. Sijui ni pepo gani aliyenipanda, nikainua mkono mmoja; ule mwingine ulikuwa na chupa.

"Mheshimiwa, mke wangu hajaniomba karo hata muhula mmoja. Anauza mnazi. Yeye naye ni shujaa?"

Watu wakacheka. Naye akacheka.

"Huyo mwambie atafute biashara halali," akasema, kisha akanisogezea glasi. "Hebu niongezee."

Nikamwongezea, Mama Kadzo. Mvinyo mwekundu, kutoka Ufaransa. Nikafuta na tone lililodondoka mezani. Hiyo ndiyo siasa yangu yote.

Na posa ya Kadzo nayo! Jamaa wa Kuruwitu walibeba kadzama yao kama inavyotakiwa, ule mnazi wa kuwaombea wazee ruhusa, ukamwagwa kwenye kizuizi cha barabarani. Wakafika na kreti ya soda. Ulinichekesha ulipomwiga baba mdogo Mwaringa akitikisa chupa: "Hii ndiyo niwatilie wazee waliolala? Si watapiga mbweu kaburini!" Nilicheka mpaka Bwana Salim akaamka. Halafu uliponiambia amewarudisha kwao, nikakaa kitandani nikijiuliza mtoto wangu ataolewa vipi, ikiwa kumwomba kumekuwa kosa la jinai.

Basi neno langu ni hili, msomee mnunuzi kwa sauti: ikatwe. Yote. Ningeweza kukataa kwa raha zangu, maana huku juu hakuna wa kunimwagia mtungi. Lakini siwezi kukulaza wewe kituoni ili mimi nizidi kujiita mtoto wa mgema.

Mama yangu mzazi mpe shikamoo yangu. Siku ya kukata apelekwe kanisani au popote, asisikie msumeno; amefagia chini ya minazi ile tangu alipoolewa. Charo, huko Mariakani alikokimbilia baada ya ule msako na kuwa utingo wa malori, mwambie kotama yake, kile kisu cha kugemea, aitundike ukutani, asiiuze. Na baba mdogo mwambie kwamba mimi, baba yake Kadzo, nimeipokea soda. Jamaa wa Kuruwitu waitwe tena, waje siku hiyo hiyo ya kukata.

Mti wa kwanza ukilala chini, pasueni kilele mtoe ule moyo mweupe. Huku hutoka mkebeni, tunaukata vipande vyembamba kama kucha, na mgeni anausukuma kando ya sahani. Nyinyi muule mbichi, hapo hapo, wewe na Kadzo na wageni wake. Baba mdogo mpeni sehemu laini, meno hana. Ni mtamu sana, na mti hautoi wa pili.

Ni mimi, mgema wa lifti,
Baba Kadzo