Kiti cha Kifafa

Mulekera, Beni
14 Januari 2024

Kwa Shangazi yangu Kahongya,

Salamu nyingi, na za jirani yetu Amina pia. Habari ya Butembo na baridi yake? Biashara ya samaki inakwendaje? Sisi huku tupo, ila mimi si mzima kama ulivyoniacha Noeli.

Nilianguka, Shangazi, katikati ya mazoezi ya kwaya. Sikumbuki kitu. Nilipofumbua macho, kwaya nzima ilikuwa imesimama mbali na mtu anapiga kelele: "Musimuguse! Povu ikikupata, magonjwa njo yako!" Amina, aliyekuwa anapita na ndizi zake, ndiye peke yake aliyepiga magoti na kuweka kitenge chake chini ya kichwa changu. Juzi nimeanguka tena, nyumbani.

Baba akaita kikao. Unamjua kaka yako. Alisema mbele ya watu wote: "Hii magonjwa iko na kiti kimoja kwetu. Mama yangu alikikalia, kisha Kahongya. Sasa Kahongya amesimama, donc mutoto amekaa." Mama Keren wa chumba cha maombi akaongeza kwamba kifafa cha ukoo hakifi kwa dawa, kinahama tu. Kwa hiyo wanasema tangu vidonge vikuponye wewe, umenitupia mimi.

Baba amechukua simu yangu ili sauti yako isinifikie. Karatasi hakuifikiria. Barua hii anaibeba Idi, mume wa Amina, anayeendesha gari la Butembo.

Niambie ukweli, wewe uliyekaa nacho. Je, wanasema kweli?

Mtoto wa kaka yako,
Kavuo

Kimemi, Butembo
21 Januari 2024

Kavuo mtoto wangu,

Salamu zimefika, na za Amina nimeziweka juu kabisa. Mimi magoti yanauma, mgongo unauma, na bei ya samaki inauma zaidi. Basi ni mzima.

Kiti! Mwambie baba yako... hapana, usimwambie kitu, nitamwambia mwenyewe. Nimeanguka tangu nikiwa msichana mdogo. Nilikatazwa moto, nikakatazwa ziwa, nikapewa sahani yangu peke yangu yenye alama ya rangi nyekundu, ili ndugu wasije wakakosea. Baba yako ndiye aliyeipaka hiyo rangi. Mchumba alikuja, akaiona sahani, akaaga. Walinipeleka kwenye maombi, kwenye mizizi, kwenye chale. Kituo cha afya nilijipeleka mwenyewe, mvi zimeshaota, na muuguzi Jephté akanipa vidonge vidogo vya kumeza kila jioni. Sasa naenda Kyavinyonge kuchagua samaki kwa macho yangu. Safari ya kwanza niliingia ziwani mpaka magotini, kwa kiburi tu, nikacheka hadi wavuvi wakadhani nimelewa.

Kurithi, huenda tumerithi. Hata Jephté anasema wakati mwingine kinapita katika damu. Lakini pua yako pia ni ya bibi yako, na mimi ninayo ileile usoni mpaka leo. Mbona hakuna anayesema nimekutupia pua?

Nenda kituo cha afya. Kama ni kwa kujificha, jifiche. Na ukishaanza usikose hata jioni moja, maana ukikatiza ghafla kinarudi na hasira.

Shangazi yako mkaidi,
Kahongya

Mulekera, Beni
7 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Salamu za Pasaka, ingawa imeshapita. U mzima kweli? Nimekuandikia mara mbili, Idi anarudi mikono mitupu.

Nimefanya ulivyosema. Amina alinisindikiza, nyumbani tukasema tunaenda shambani. Vidonge viko kwake, ndani ya kopo la unga, na kila jioni nakwenda kuazima chumvi. Mama ameanza kuuliza chumvi yote hii inakwenda wapi. Tangu nianze sijaanguka tena, Shangazi! Nimerudi hata kwenye kwaya, wakitaka wasitake.

Lakini baba ananitia wasiwasi. Alikuja huko kwako Februari akarudi anaimba. "Mambo imeisha," alisema. "Shangazi yako amekubali." Jioni ile akala nami sahani moja, na Mama Keren akatoa ushuhuda. Habari za vidonge vyangu hawana.

Umekubali nini, Shangazi? Idi anasema meza yako sokoni haina samaki wala mwenyewe.

Mtoto wako,
Kavuo

Kimemi, Butembo
15 Aprili 2024

Kavuo mtoto wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Usishtuke kwa mwandiko. Ni wa Vagheni, binti wa jirani, kwa kuwa mkono wangu umefungwa bandeji.

Baba yako alipiga magoti kwenye sakafu yangu. Yaya Salomon, kaka yangu mkubwa, ambaye hata kanisani hapigi magoti bila kutandika leso! "Kahongya, rudia kiti yako," alisema. "Weye uko mutu muzima, ulishazoea. Mutoto angali na maisha." Nilimfukuza, nikamwita majina ambayo Vagheni amekataa kuyaandika. Kisha nikabaki peke yangu na kidonge mkononi, nikakuona umelala chini mbele ya kwaya. Sikukimeza. Kesho yake pia sikumeza.

Nilianguka juu ya mbabula, jiko langu, makaa yakiwa yamekolea. Vagheni ndiye aliyenivuta.

Sasa barua yako inasema unameza na huanguki. Kichwa changu kinaniambia: ni vidonge, mjinga wewe. Moyo unaniambia: na kama ni wewe? Nikimeza tena, halafu mtoto akaanguka, nitaishije? Miaka yote nimeshindana na ukoo mzima, kumbe waliniingia ndani nisisikie. Naogopa, Kavuo. Sikuwahi kuogopa hivi.

Wewe endelea kumeza. Mimi niache.

Shangazi yako

Mulekera, Beni
20 Aprili 2024

Shangazi,

Pole na mkono. Salamu nyingine sina, nimekasirika.

Nilipomaliza kusoma nilikwenda kwa Amina, nikatoa vidonge kwenye unga, nikaviweka mezani mbele ya baba. Nikamwambia: "Papa, hii njo yenye iliniponyesha. Hapana Shangazi. Hapana Mama Keren." Unajua alijibu nini? Kwamba vidonge vimekubali kwa sababu wewe ulikubali kwanza. Umeona? Nikipona, ni wao. Nikianguka, ni wewe. Mtu wa hivyo habishaniwi, anakataliwa tu, na mimi nimemkatalia mchana kweupe, mama akisikia.

Na wewe pia nakukatalia. Unadhani umenipa maisha, lakini hukuniuliza. Nani alikuambia naweza kuimba kwenye kwaya huku mkono wako unaungua? Sitaki uzima wa namna hiyo. Uchukue.

Rudi kwa Jephté, umweleze yote, akuanzishe upya. Halafu tutameza pamoja, adhana ya magharibi inapolia, wewe huko na mimi huku. Moyo wako ukisema "na kama ni mimi," ujibu kwa sauti, mbele ya Vagheni kama lazima. Kikitafuta pa kukaa hicho kifafa, kitukute sote tumesimama.

Nasubiri jibu. Si pole, jibu.

Kavuo

Kimemi, Butembo
28 Aprili 2024

Kavuo,

Jephté amenigombeza mpaka nikaona aibu mbele ya wagonjwa wengine. Adhana imelia sasa hivi. Nimemeza, na nusu ya maji nimeyamwaga.

Haya. Ole wako uanguke.

Shangazi yako

Mulekera, Beni
12 Mei 2024

Shangazi,

Naandika haraka, Idi anasubiri abiria wa mwisho.

Nimeanguka jana. Nilikuwa na malaria, homa kali, na kituo cha afya wamesema homa huweza kukiamsha. Wameongeza dozi yangu. Baba hakutaka kusikiliza, amepanda pikipiki sasa hivi anakuja kwako. Atafika kabla ya karatasi hii, na hilo ndilo linaloniua.

Nimeanguka, na bado nakuambia: meza. Nikianguka kesho, meza. Hata nikianguka kila wiki, kuanguka huko ni kwangu, si kwako. Usininyang'anye.

Mtoto wako,
Kavuo

Kimemi, Butembo
13 Mei 2024

Kavuo mtoto wangu,

Salamu. Homa imeshuka? Unakula? Leo mkono ni wangu mwenyewe, ndiyo maana herufi zinatambaa.

Barua yako ilifika mambo yamekwisha. Baba yako alitangulia, vumbi mpaka kwenye nyusi, akasimama mlangoni. "Ameanguka," alisema. "Umeona vile umefanya?" Sikufichi, kidonge kilikuwa mkononi tayari, nikakiweka mezani.

Adhana ikalia. Nikafikiri: mtoto yule, kama ana akili, sasa hivi anameza. Nikimwacha ameze peke yake, nimemwachia sahani yangu nyekundu. Nikakichukua. "Yaya," nikamwambia, "angalia muzuri." Nikameza mbele ya macho yake, nikafungua mdomo, nikamwonyesha ulimi kama mtoto aliyelazimishwa dawa ya kinini.

Alikaa chini. Sikumjali, nikawasha moto wangu, nikasonga bugali kwa mkono mmoja na nusu, nikakaanga samaki. Kisha nikaitoa ile sahani, ninayo bado. Nikapakua yote humo, nikamwambia nyingine hakuna, ale au alale njaa. Alilia kwanza. Nilimwacha alie, nami nilishalia sana kwa ajili yake. Halafu akanawa, akala.

Sijui kama ameamini. Kuanguka, tutaanguka tena, mimi au wewe, na atarudi kusimama pale mlangoni. Ataniona nameza.

Asubuhi hii nimemkuta uani anaisugua sahani kwa mchanga, anataka kuitoa rangi. Nimemnyang'anya. Iliwekwa alama ijulikane ni yangu peke yangu, sasa kila atakayekuja kwangu atakula humo humo, rangi yake wazi.

Ukipona homa panda gari la Idi. Uje na njaa.

Shangazi yako,
Kahongya