Barua Niliyomsomea Baba

Tanuf, karibu na Nizwa,
Oman.
Ijumaa, 16 Oktoba 1998

Mpendwa Shangazi Asya,

Shikamoo Shangazi. Nimemdanganya Baba, na hakuna anayejua ila mimi na Mungu, na sasa wewe. Nimelitanguliza hili mbele ya salamu kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitamaliza na salamu, kisha nitabandika stempu.

Sasa nikuulize hali. Vipi miguu yako, uvimbe umepungua? Ami Khelef hajambo? Mvua za Tabora zimekaribia? Sisi wazima, al-hamdulillahi. Joto limevunjika wiki hii, tumeacha kumwagia paa maji kabla ya kulala. Mama anakusalimu sana. Anajua kuwa nakuandikia, lakini anadhani nakuandikia habari za kofia anazoshona.

Katika barua ya mwezi wa saba uliuliza kama ni kweli tunaishi ndani ya gari. Si gari hasa. Ni karavani, chumba cha bati chenye magurudumu, kilichokuwa cha kampuni ya kuchimba visima. Kampuni ilipomaliza kazi yake ilikiuza, na Baba akakinunua mwaka juzi, maana kipato chake kikishalipa kodi ya nyumba kilikuwa hakibakishi cha kula. Pampu za mashamba zinaharibika Nizwa, zinaharibika Ibra, zinaharibika Sur, na fundi akikaa mbali anaitwa mwingine. Basi tunaivuta karavani kwa pikapu mpaka shambani, tunakaa mwezi au miezi, kisha tunahama. Mwenye shamba hutupa maji na waya wa umeme. Pampu ikiwaka, feni yetu inazunguka polepole kama mtu aliyechoka.

Si maisha mabaya. Kitanda cha Baba na Mama mchana hugeuka meza. Vikombe havijavunjika hata kimoja, kwa sababu kila tukihama navifunga ndani ya mashuka. Lakini ni nyembamba, Shangazi, hata mtu akimeza mate unamsikia. Na haina majlis. Wakija wanaume kumtembelea Baba, mimi na Mama tunatoka tunakaa ndani ya pikapu, vioo tumevipandisha, mpaka wamalize kahawa.

Watu hututazama kwa shaka. Ibra jirani mmoja alimwuliza Mama tumekimbia nini. Mama akamwambia tumekimbia kodi. Yule mwanamke hakucheka, na mimi sikucheka. Tangu hapo na mimi nimekuwa mtu wa shaka. Mtu akituletea sahani ya chakula, nafikiri amekuja kuchungulia ndani.

Kuna jambo jingine lazima ulijue ili unielewe. Baba hasomi Kiarabu. Barua zako anazisoma mwenyewe, kwa sauti, na akifika penye utani anaurudia mara mbili. Kiingereza cha kwenye maboksi ya pampu anakisoma pia. Lakini alikuja huku mtu mzima na herufi alizosomea Tabora, na karatasi za huku ni za Kiarabu. Tangu nilipokuwa darasa la nne mimi ndiye ninayemsomea. Leseni, bili, karatasi za ofisini, zote. Hajawahi kusema kuwa hajui. Husema nimsomee kwa kuwa mikono yake michafu. Hata akiwa ametoka kuoga husema hivyo.

Mwezi wa sita, nilipomaliza thanawiya, yaani sekondari ya huku, tulikuwa Sur, kwenye shamba la mitende la Mzee Abdullatif. Mwenyewe anakaa Aija, ng'ambo ya khori, ule mkono wa bahari, katika nyumba kubwa ya wazee wake. Baba alikuwa amemtengenezea pampu mbili. Siku moja dereva wake, anaitwa Marzouq, akaleta bahasha. Baba alikuwa amelala chali chini ya pampu, na safari ile mikono ilikuwa michafu kweli. Akaniambia nisome.

Nilisoma kwanza kwa macho. Mzee Abdullatif alikuwa ananiposa kwa mwanawe, Adham. Jina langu lilikuwamo, Badriya binti Ishak. Aliandika kuwa desturi ni wao kuja kwetu, lakini kwa kuwa hatuna pa kupokea wanaume, wameona heri kuandika. Kama Baba ameridhia, au anataka tu kuzungumza, aende kwao Ijumaa baada ya sala, watamngoja kwa chakula. Mwisho aliandika kuwa wao hawatazami hali ya makazi yetu.

Ni mstari huo wa mwisho, Shangazi. Nilijiuliza watu wa nyumba kama ile wanamtakia nini msichana wa karavani. Adham nilimwona mara moja tu, alipotuletea boksi la barafu. Aliliweka mbali na mlango akaondoka bila kutazama. Nikasema moyoni ana kasoro inayofichwa, ana ugonjwa, ana mke mahali, na wanamtafutia mtu ambaye watu wake hawana wa kumwuliza. Yote hayo niliyafikiri kwa muda wa kumeza funda la maji. Kisha nikafungua mdomo.

"Anasema maji yanatoka vizuri. Anakushukuru kwa kazi yako. Na anakutakia safari njema."

Baba akatoa kichwa. "Safari njema? Kwani nimesema naondoka?"

Mama alikuwa kwenye ngazi ya karavani na kofia yake mapajani. "Watu wa Sur wana adabu," alisema. "Wakikuchoka wanakuombea dua ya msafiri."

Baba alicheka, lakini nilimwona ameumia. Alikuwa anataka kukaa pale mpaka tende ziishe. Jumatano nilivifunga vikombe tukaondoka. Ijumaa ilipofika tulikuwa Ibra tunatafuta kivuli cha kuegesha, na kule Aija watu walikuwa wamepika wanamngoja.

Hawakutusamehe. Baba alipopiga simu kuulizia spana aliyoisahau, Mzee Abdullatif alimjibu maneno mawili akakata. Mashamba ya Sur hayamwiti tena, na nusu ya kazi yake ilikuwa huko. Baba anaamini kuwa Marzouq, yule dereva, amemsema vibaya, na ameshawaambia watu wajihadhari naye. Marzouq hakufanya lolote ila kuleta bahasha.

Mambo hayakuishia hapo, kwa sababu Baba aliitunza ile barua. Hajawahi kushukuriwa kwa maandishi. Tulipofika hapa Tanuf mwezi wa nane alimpa mwenye shamba hili, Mzee Adil, aisome, ili ajue amemwita fundi wa namna gani. Mimi nilikuwa ndani ya pikapu na Mama, vioo juu. Sikusikia neno. Nilimwona tu Mzee Adil anasoma, anainua macho kuelekea kwenye pikapu, kisha anairudisha karatasi kwa mikono miwili.

Alipoondoka, Baba alimwambia Mama kuwa mzee amemwombea Mungu atimize heri.

"Heri gani?" Baba aliuliza. "Pampu ina heri gani ya kutimizwa?"

Mama akasema labda Waarabu wa upande huu ndivyo wanavyosifu kazi. Baba alinitazama mimi. Tangu siku ile hajanipa karatasi hata moja. Leseni ya pikapu ilikuja mpya, akaikunja akaitia mfukoni bila kusema lolote juu ya mikono yake.

Kisha akaanza kutoka. Jumamosi, Jumatatu na Jumatano, baada ya alasiri, anaoga, anavaa kanzu safi, anasema anakwenda Nizwa kutafuta vipuri. Baada ya magharibi anarudi bila kipuri. Mama haulizi. Mimi niliona wazi kuwa amepata mtu wa kumsomea, na kila akirudi nilikuwa namtazama usoni kabla hajashuka, nijue kama ameshaambiwa.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nasafisha pikapu, nikakuta chini ya kiti daftari la mtoto wa darasa la kwanza, limefunguka, pamoja na penseli na kichongeo chekundu. Ukurasa mzima alifu, alifu, alifu. Ukurasa wa pili be, zimebonyea kama vibakuli. Mama akaniita, nikalirudisha haraka.

Nilidhani nimepata jibu. Baba ana mke mwingine Nizwa, na mtoto wao ameanza shule. Siku tatu nilikuwa nanusa kanzu yake kabla ya kuifua. Alipomsifu Mama kwa mchuzi, nilisema moyoni anajisafisha. Nilimtazama Mama anavyoshona, nikamwonea huruma mpaka akaniuliza kama naumwa. Siku ya nne nikalitoa tena daftari, na safari hii nikaligeuza. Juu ya jalada mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Ishak bin Rashid, masomo ya watu wazima.

Nilikaa pale kwenye kiti na daftari mapajani. Baba ana miaka hamsini na mbili. Nilitaka kulia, na wakati huohuo nikajiuliza kwa nini ameanza sasa, baada ya miaka yote hii, mwezi uleule alioacha kunipa karatasi.

Jana nilipata kujua. Hakukuwa na darasa. Alikuwa amekaa kwenye ngazi na miwani yake, ana karatasi mkononi, na mimi niliijua kwa mikunjo yake. Akaniita.

"Njoo uone, mwanangu. Hii si be? Hii dali, hii re." Alikuwa anafuata kwa kidole, taratibu, kama anayepima uzi wa bomba. "Mwalimu alimwambia kila mtu ajifunze kuandika jina la mwanawe. Hili jina lako. Badriya."

Nikasema ndiyo, Baba. Alilitaja jina langu tena na tena, anacheka peke yake. Halafu kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Mzee Abdullatif ananishukuru kwa pampu," alisema. "Jina lako linafanya nini humu?"

"Ananisalimia."

"Mtu wa Sur anamsalimia binti wa mwenzake kwa jina? Kwenye barua?"

Mama aliacha kushona. Baba hakupandisha sauti. Aliikunja karatasi kwa mikunjo ileile akaitia mfukoni.

"Haya," alisema. "Mwalimu anasema mwisho wa mwezi tutaanza kuunganisha maneno. Nitafika tu."

Sijui kama alikuwa ananionya au alikuwa ananipa muda. Tangu jana nayageuza maneno hayo. Asubuhi alinimiminia chai, nikatafuta maana hata kwenye chai.

Sikuambii kuwa ningemkubali Adham. Huenda ana kasoro, huenda hana, sitajua. Lakini Baba hakuulizwa, Mama hakuulizwa, na mimi pia sikuulizwa. Nilijibu kwa ajili ya sote watatu kabla hata swali halijasomwa. Baba angeweza kwenda Aija akala chakula chao, akakataa kwa heshima, na wangeendelea kumwita. Na Marzouq asingekuwa anasalimiwa kwa shingo upande na watu ambao hajawakosea.

Sasa Baba amekwenda Nizwa kuswali Ijumaa. Akirudi, tukishakula, nitamwomba ile karatasi nimsomee upya, mstari kwa mstari, pamoja na ule wa makazi yetu. Halafu nitamwambia kuhusu Marzouq. Naogopa sana, Shangazi. Baba hajanipiga maishani mwangu, na si kupigwa ninakokuogopa. Naogopa kuwa baada ya leo hatanipa tena karatasi yoyote, na tutaendelea kukaa ndani ya chumba hiki chembamba, mimi namwona anasoma peke yake, polepole, na haniulizi.

Nimekuandikia kabla sijamwambia ili nisipate njia ya kurudi nyuma. Bahasha nimeshaibandika stempu, nitamkabidhi Baba aitie posta mimi nikiwa nimeshasema.

Nakuomba usinijibu jambo hili. Barua zako anazisoma kwa sauti na sisi tunasikiliza, na sitaki alisikie mara ya pili kutoka kwako akadhani nimelitangaza. Acha likae baina yangu na yeye, na baina yangu na wewe. Ukitaka kunijulisha kuwa hukunikasirikia, niulizie tu habari za kofia.

Ya Ami Khelef imekwisha, ya rangi ya zambarau kama alivyotaka. Mama ataituma na msafiri wa kwanza atakayepatikana. Msalimie sana yeye, na Bi Tufool jirani yenu, na watoto wote wa nyumba. Mungu akuondolee maumivu ya miguu, akupe usingizi mwema, atukutanishe tukiwa na afya, iwe huko kwenu au hapa kwenye ngazi yetu.

Mama anasema macho yako siku hizi hayakusaidii, na kuwa Amna ndiye anayekushikia karatasi. Kama ni hivyo, basi wewe Amna, dada yangu ambaye hatujaonana, msomee mama yako kama nilivyoandika, usiruke neno kwa kunionea haya wala usilainishe lolote kwa kunihurumia. Ukimaliza, ichaneni hii barua, na asilijue mtu wa tatu.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye,

Badriya